Sanduku Lina Makufuli Matatu, Simu Je?

Risala ya wanachama iliyosomwa kwenye sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha akina mama, Ntobeye, Wilaya ya Ngara

Tunamshukuru kwa namna ya pekee Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa sababu alipofika pale mlangoni na kuoneshwa kile kikapu, alitoa simu zake zote mbili akaziweka ndani bila kuuliza. Mlicheka, na sisi tulicheka. Lakini kikapu kile kina historia yake, na historia hiyo ndiyo tuliyotumwa na wenzetu kuieleza.

Hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii atazisoma Mhasibu. Sisi tumepewa kazi ya kusema jambo moja tu: ni kitu gani kilitaka kutuvunja katika miaka hii kumi? Tunajua wengi mnafikiri tutataja wakopaji wasiolipa. Wapo, na wengine tunawaona hapa wamekaa. Wengine mtafikiri ni ukame, au ule mnyauko uliotumalizia migomba. Hayo nayo yametupata. Lakini jamani, kilichobakiza kidogo kutusambaratisha ni kitu kinachoenea kiganjani, ambacho kila mmoja wetu alikinunua kwa pesa yake mwenyewe na kwa furaha. Ni simu.

Hatukuja kuilaani simu. Tungekuwa waongo. Kabla ya mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, pesa ya mtoto aliye Mwanza au Dar es Salaam ilisafiri kwa basi ndani ya bahasha, na safari nyingine bahasha ilifika tupu. Leo inaingia wakati mama yuko shambani na jembe mkononi. Anayeuza maharage anauliza kwanza bei ya Benaco na ya Kahama ndipo afunge magunia. Mwenzetu akishikwa na uchungu usiku, bodaboda inaitwa. Nani hapa anataka turudi kule tulikotoka? Hakuna. Tunachosema ni kwamba kitu chenye faida kubwa kinataka utaratibu mkubwa.

Tulikotoka

Wale wa umri wetu tunaikumbuka redio ya baba. Ilikuwa na saa yake. Betri zikiisha nguvu zilitolewa zikaanikwa juani pamoja na mihogo, ili jioni zipate tena uhai kidogo. Tulikaa tukasikiliza taarifa ya habari, tukasikiliza Mama na Mwana, na kuanzia mwaka 1993 tukasikiliza mchezo wa Twende na Wakati uliotufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Kipindi kikiisha, baba anazima. Kesho yake tuko shambani tunapalilia huku tunabishana habari za wale watu wa mchezoni. Yaani redio ilichukua dakika zake, sisi tukabaki na siku yetu.

Na sisi watu wa Ngara hatuhitaji kufundishwa kwamba neno linalopita hewani linaweza kujenga na linaweza kuua. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco. Baadhi yetu tulikuwa wasichana, tuliwaona kwa macho. Huko walikotoka, redio moja iitwayo RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilikuwa imewachochea watu kuwaua majirani zao. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani baadhi ya walioianzisha. Lakini mwaka 1995, hapahapa Ngara, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera kuwahudumia wakimbizi pamoja na sisi wenyeji, na jina lake linatuambia tumaini. Chombo ni kilekile, mlingoti na sauti. Tofauti ni nani amekishika na amekusudia nini. Tungelikumbuka somo hilo mapema, yasingetupata yale tutakayoyasema sasa.

Simu ilivyoingia mkutanoni

Wakati tunaanza mwaka 2015, waliokuwa na simu janja walikuwa wachache sana. Wengi wetu tulikuwa na kitochi, simu ya kupiga, kupokea na kumulika njia. Mkutano ulikuwa mfupi. Sanduku linaletwa, washika funguo watatu wanafungua makufuli matatu, vitabu vinagawiwa, hisa zinanunuliwa, mihuri inagongwa, mikopo inatolewa, sanduku linafungwa. Mtu akisema, wote tunamtazama.

Taratibu simu janja zikaongezeka. Mwanzoni ilikuwa mlio mmoja wa hapa na pale. Baadaye mtu anatoka nje kupokea, anarudi, anauliza, "Mmefikia wapi?" Tunarudia. Anatoka mwingine. Baadaye hata kutoka nje hawakutoka tena; mwenzetu anaeleza kwa nini hajalipa rejesho, mtoto amelazwa, na wawili wa nyuma wanatazama kichekesho na kubana midomo. Yule anayeeleza akadhani anachekwa yeye. Mlikuwapo, mnakumbuka.

Kisha siku moja fedha zikapungua shilingi 36,000. Wahesabu fedha walihesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Jua likazama tumekaa palepale, watu wanatazamana kwa macho ya pembeni. Tuliwasha vitochi vyetu tukapitia kitabu kimoja kimoja. Kumbe fedha hazikupotea. Mgonga mihuri alikuwa anajibu ujumbe kwa mkono wa kushoto na kugonga kwa mkono wa kulia, akagonga mihuri ya hisa ambazo hazikununuliwa. Alilia mbele yetu. Alisema, "Sikujua kama macho yangu hayapo." Neno lile tulipaswa kulishika siku ileile. Hatukulishika. Tulifurahi tu kwamba hakuna mwizi, tukaenda nyumbani.

Usiku wa sanduku

Ndugu zetu, hili la pili ni gumu kulisema, lakini tulikubaliana liandikwe kwenye kijitabu hiki ili watoto wetu walisome.

Tulifungua grupu la WhatsApp la kikundi. Nia ilikuwa njema: kukumbushana siku ya mkutano, kupeana taarifa ya msiba. Hatukujiuliza swali dogo tu, kwamba waliokuwa na simu janja walikuwa kama nusu yetu, na nusu nyingine hawakuwa nazo. Siku ile tulipolifungua, bila kujua, tulikata kikundi vipande viwili.

Mtunza sanduku wetu wa wakati ule alikuwa na kitochi. Jioni moja alipata habari kwamba mama yake ni mahututi huko Biharamulo. Akafanya kama katiba yetu inavyotaka: akamwita Mwenyekiti na mshika ufunguo mmoja, wakalihamisha sanduku likalale kwa Makamu mpaka atakaporudi. Alfajiri akapanda gari akaenda kumuuguza mama yake.

Kumbe mwenzetu mmoja alikuwa anapita njiani akaona sanduku linabebwa gizani. Hakuuliza. Alirekodi ujumbe wa sauti, akautuma kwenye grupu. Maneno yake yalikuwa machache: eti sanduku linahamishwa usiku, eti na mwenyewe anaonekana kama anasafiri. Hakusema mtu ameiba. Lakini sisi wenyewe tulimalizia. Mmoja akaweka alama ya macho yanayotazama. Mwingine akaandika, "Nilijua." Mwingine akausambaza ule ujumbe kwenye grupu la ukoo wake, wa ukoo akausambaza kwenye grupu la kwaya. Mwenyekiti simu yake ilikuwa imezimika chaji. Hadi kunakucha, kijiji cha pili walikuwa wanajua kwamba akina mama wa Ntobeye wameliwa pesa zao.

Wote walijua isipokuwa yeye. Alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mama yake na kitochi mfukoni. Aliporudi, hakuambiwa na mtu mzima hata mmoja. Aliambiwa na mtoto kisimani, mtoto wa mmoja wetu: "Wewe ndiye uliyekula hela?"

Sanduku lilifunguliwa mkutano uliofuata, makufuli yote matatu, fedha zikahesabiwa, haikupungua hata shilingi. Tukasema, "Aa, kumbe ilikuwa maneno tu," kana kwamba maneno ni kitu kidogo. Yeye hakuwapo. Alikaa miezi minne bila kuja. Mama yake alifariki katika miezi hiyo, na tulipokwenda msibani alitupa viti, akatupa maji, asiseme nasi neno. Waliokuwa na kitochi wenzake nao wakaanza kukaa upande wao mkutanoni. Wengine walidai hisa zao waondoke. Hapo ndipo kikundi kilipofika ukingoni.

Mwenzetu huyo yupo hapa leo, na ametukubalia tuseme. Tulikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake, wote, kwa miguu, simu tumeziacha. Leo tunamwomba radhi tena mbele ya Mgeni Rasmi na mbele ya kijiji, kwa sababu alisingiziwa mbele ya kijiji. Dada, tusamehe. Na tunakushukuru kwa maneno uliyotuambia siku ile, ambayo ndiyo yaliyozaa risala hii: "Sanduku mmeliwekea makufuli matatu asilifungue mtu mmoja peke yake. Mdomo wenu mmeuwekea ngapi?"

Kwa nini haiachiki

Baada ya hapo tulianza kuuliza. Tulimwita binti yetu mmoja aliyesoma mambo ya kompyuta atueleze. Tulidhani ni sisi tu, wanawake wa kijijini, tusiojua kujizuia. Akatueleza kwamba sivyo.

Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unaamua, niendelee au niache? Mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila unaposogeza kidole. Baadaye yeye mwenyewe alisema anajuta. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook, alieleza hadharani kwamba tangu mwanzo walijiuliza wafanyeje wachukue muda wa mtu kwa wingi iwezekanavyo. Sababu ni biashara. Kampuni hizo zinaishi kwa matangazo. Kadiri unavyotazama, ndivyo zinavyouza. Wewe unadhani umepewa bure, kumbe unalipa kwa macho yako.

Kuhusu uvumi alitueleza jambo la kutisha. Mwaka 2018 huko India, habari za uongo za wezi wa watoto zilisambazwa kwa WhatsApp, na watu wasio na hatia wakauawa na makundi ya wananchi. Kampuni ikalazimika kupunguza idadi ya watu au magrupu unayoweza kuwasambazia ujumbe kwa mkupuo mmoja. Januari 2019 ikawa watano kwa dunia nzima. Sisi tulinyamaza tuliposikia. Tulimfikiria dada yetu pale kisimani.

Hesabu ya 91

Ndugu wanachama, sisi ni watu wa hesabu, basi tuhesabu. Mama akinunua bando ya shilingi 500 kila siku, kwa mwaka ametumia shilingi 182,500. Hisa yetu moja ni shilingi 2,000. Hizo ni hisa 91 na chenji inabaki. Hatusemi bando ni haramu. Tunasema ajiulize, zile 500 alinunua bei ya maharage, alimjulia hali mtoto, au alinunua vichekesho?

Na tuhesabu saa. Mtu akitazama simu saa mbili kwa siku bila shughuli, kwa mwaka ni saa 730. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, ni siku 91. Angalieni, ni 91 tena! Hizo ni siku za kulima na kupalilia shamba lote, na nyingine ukabaki nazo ukamsikiliza mtoto masomo yake. Tena kwa mtoto tuseme wazi: yapo maziwa yananyonywa huku mama anatazama kioo, mtoto anamtafuta macho hayapati. Na ninyi waume zetu msicheke, maana mikeka ya kubeti haiko kwenye simu zetu. Iko kwenye zenu.

Matapeli na mikopo ya haraka

Mtu mwenye haraka ndiye chakula cha tapeli. Mwenzetu mmoja alitoka mkutanoni na mkopo wake umeingia kwenye simu. Njiani akapata ujumbe, ule mnaoujua: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Siku hiyo kweli alikuwa anadaiwa na muuza mbegu. Hakusimama kufikiri, hakupiga kuuliza. Alituma. Mkopo ameulipa mwaka mzima bila kuona mbegu.

Kwa hiyo tukumbushane. Namba ya siri haisemwi kwa mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vinapelekwa 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Na ukibonyeza *106# unaweza kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukatumiwa jina lako na mtu usiyemjua.

Wapo pia waliochukua mikopo ya kwenye simu, ile ya kausha damu. Unakopeshwa kwa dakika mbili, unapokonywa amani miezi miwili. Ukichelewa, watu wote walio kwenye simu yako wanatumiwa ujumbe wa kukuaibisha. Sisi wenyewe tuliwahi kutumiwa ujumbe wa namna hiyo kuhusu mwenzetu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Uliza kwanza, mkopeshaji ana leseni? Na ujiulize, kwa nini nikimbilie kwa mtu asiyenijua wakati nina sanduku langu? Kikundi kama chetu kinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, katika daraja la nne, na kinasajiliwa halmashauri. Mkopo wetu unachukua wiki. Hiyo wiki ndiyo inayokupa nafasi ya kufikiri.

Tuliyokubaliana

Mwanzo tulikosea. Kwa hasira tulipiga marufuku simu kabisa, zibaki nyumbani. Wiki ya tatu mtoto wa mwenzetu alianguka kwenye mti, watu wakatafuta mama kwa simu wasimpate, mpaka mtu akaja mbio kwa miguu. Tukajifunza kwamba kukataza si kutawala. Tukakaa tena, tukapanga haya, na tunayafuata mpaka leo:

1. Simu zote zinawekwa kwenye kikapu mlangoni, milio imezimwa. Simu ya Katibu tu ndiyo inayobaki wazi, na kila familia inayo namba yake. Jambo la dharura linapita hapo. (Wapo walioweka simu moja kikapuni na ya pili wakaificha kwenye khanga. Iliita. Walitozwa faini, na fedha hizo zilinunua sukari ya chai.)

2. Grupu la WhatsApp ni la matangazo tu: mkutano, ugonjwa, msiba. Wanaoandika ni Mwenyekiti na Katibu, wengine tunasoma. Hilo linapangwa kwenye simu yenyewe, halihitaji ugomvi.

3. Kila mwenye simu janja amepewa mwenzake mmoja mwenye kitochi. Tangazo likiingia, kabla jua halijazama ampigie au aende mlangoni kwake amwambie. Tangu tuanze hili, wenzetu wengi wamepatana ambao zamani walikuwa wanasalimiana kwa mbali.

4. Jina la mtu na fedha za kikundi havizungumzwi kwenye simu. Ukiona jambo, muulize mhusika. Usiporidhika, lilete mkutanoni, naye akiwapo. Anayesambaza anahesabiwa sawa na aliyeanzisha.

5. Baada ya kila mkutano ukurasa wa hesabu unapigwa picha na wanachama wawili mbele ya wote. Kitabu kikilowa au kikiungua, kumbukumbu ipo. Hapa simu imekuwa ufunguo wetu wa nne, na tunaishukuru.

6. Nyumbani hatulazimishani, tunashauriana. Wengi wetu tumeacha kuwasha data kutwa nzima. Tunaiwasha tukiwa na shughuli, tukimaliza tunazima, kama baba alivyozima redio. Tumezuia picha na video zisijipakue zenyewe, bando inakaa zaidi. Wakati wa chakula cha jioni simu inakaa juu ya kabati, ya mama na ya baba pia. Kabla ya kuishika tunajiuliza, "Ninaifungua kwa kazi gani?" Jibu likikosekana, inarudi kabatini.

Msidhani tumefuzu. Hata wiki iliyopita mmoja wetu, tena kati ya sisi tulioandika risala hii, aliunguza maharage ya wageni kwa sababu ya video ya mapishi. Lakini mkutano wetu sasa unaisha kabla ya saa kumi na moja, fedha zinahesabiwa mara moja na kutosha, na mtu akisema, anatazamwa usoni. Wale waliotaka kuondoka walibaki. Dada yetu alirudi. Leo ni mshika ufunguo wa kwanza.

Maombi yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala bila maombi si risala. Hatuombi simu, simu tunazo. Tunaomba haya machache. Kwanza, tupatiwe mtaalamu hata siku mbili kwa mwaka, atufundishe kwa Kiswahili chepesi kupanga simu zetu, kutambua matapeli na kujua haki zetu, maana tangu Mei 2023 ipo sheria inayotumika ya kulinda taarifa za mtu binafsi na wengi wetu hatujaisoma. Pili, tunaomba watoto wetu wa sekondari watakapokuwa likizo wakae na mama zao na bibi zao wawaelekeze, bila kuwacheka. Tatu, tunaiomba Serikali ya Kijiji na makanisa na misikiti mjaribu kikapu kwenye mikutano yenu. Sisi tuko tayari kuwafumia.

Ndugu wanachama, miaka kumi iliyopita tulikuwa hatuna kitu isipokuwa kuaminiana. Fedha zilikuja baadaye. Zikiisha zinatafutwa. Kuaminiana kukiisha, hata sanduku likijaa halina kazi. Tulilinde hilo la kwanza kwa makufuli yake, nalo hili la pili litalindika.

Sherehe ikiisha, chukueni simu zenu kikapuni kwa utaratibu, kila mtu na yake. Wapigieni walioshindwa kufika, waambieni tuliwakumbuka.

Ni sisi wanachama,
Ntobeye